Jina Likishaandikwa: Kuisoma The Crucible Ukiwa Unguja

Watu wengi wakisimuliwa The Crucible, tamthilia ya Arthur Miller, huambiwa kuwa ni kisa cha msichana mwongo. Msichana anaitwa Abigail Williams. Kampenda mume wa mtu, kakataliwa, akaanza kuzua kwamba fulani mchawi na fulani mchawi, mwisho mji mzima ukaingia wazimu na watu wakanyongwa. Anayesimulia hivyo hajakosea, ila kaacha jambo kubwa. Waongo wako kila mtaa, na wapenzi waliokataliwa wamejaa tele, kuanzia Malindi mpaka Makunduchi. Mbona hatunyongani kila wiki? Hilo ndilo swali la makala haya: uongo unahitaji nini zaidi ya mwongo ili uweze kuua?

Kwanza tuwekane sawa kwa asiyeifahamu. Tamthilia hii ilionyeshwa mara ya kwanza New York, Januari 1953. Inarudi nyuma hadi mwaka 1692, katika mji mdogo wa Salem, Massachusetts, wakati huo koloni la Waingereza, ambako watu 19 walinyongwa kwa kosa la uchawi na mzee mmoja, Giles Corey, akafa kwa kubanwa na mawe kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Miller hakuwa akiandika historia kwa ajili ya historia. Marekani ya wakati wake ilikuwa inawasaka wakomunisti. Watu waliitwa mbele ya kamati ya Bunge wakaulizwa maswali mawili: wewe ni nani, na uliokuwa nao ni nani. Lililotakiwa zaidi lilikuwa jibu la swali la pili. Miller mwenyewe aliitwa mwaka 1956, akakubali kuzungumza juu ya nafsi yake lakini akakataa kuwataja wengine. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani kwa kulidharau Bunge, na mwaka 1958 hukumu hiyo ikafutwa. Yaani alilomfanya mhusika wake alifanye jukwaani mwaka 1953, miaka mitatu baadaye ilimbidi alifanye mwenyewe.

Jina la tamthilia nalo lina maana yake. Crucible ni kile kichungu cha sonara cha kuyeyushia dhahabu. Moto ukikolea, takataka hujitenga na madini. Ndiyo ahadi ya jina lile: watu watatiwa motoni, na tutaona kila mmoja ameumbwa kwa kitu gani.

Kisa kinaanza na woga mdogo sana, woga wa kuchapwa. Wasichana wamekwenda msituni usiku na Tituba, mtumwa kutoka Barbados, wakacheza na kuimba, na mchungaji wa mji, Parris, akawafuma. Kesho yake binti yake hainuki kitandani. Watu wanakusanyika, neno uchawi linatajwa, na mtaalamu wa mambo hayo, Mchungaji Hale, anaitwa na vitabu vyake. Tituba anabanwa. Anatishiwa kuchapwa mpaka afe, anatishiwa kunyongwa. Kisha ghafla sauti zinalainika: sema tu nani mwingine ulimwona na Shetani. Mpaka hapo Tituba hana jina la kutoa. Wao ndio wanaomsogezea majina mdomoni, naye anayapokea na kuyarudisha. Akishasema, anaitwa mwema, anaambiwa ametubu. Abigail yuko pembeni anaangalia, na anaelewa somo hilo haraka kuliko wakubwa wote waliomo chumbani. Naye anaanza kutaja.

Hapo ndipo ilipo mitambo yote ya tamthilia. Ukikana, utanyongwa. Ukikiri, utapona. Ila kukiri peke yake hakutoshi, lazima utoe na wengine. Uhai una bei, na bei yake hulipwa kwa majina ya watu. Sasa mtu mwoga afanye nini? Mji uliojaa watu wa kawaida, wasio mashujaa, utazalisha wachawi wengi kadiri mahakama itakavyouliza.

Nimesema mahakama, maana ndiyo inayosahaulika pale tunapomlaumu Abigail peke yake. Mhusika wa kutisha kuliko wote kwangu ni Danforth, Naibu Gavana anayesimamia kesi. Huyu si mlevi, hali rushwa, hana kisasi na mtu. Ni msomi na mcha Mungu. Hoja yake ukiisikiliza haraka inaingia akilini: uchawi ni kosa lisiloonekana, kwa hiyo hauwezi kuwa na shahidi ila mchawi mwenyewe na aliyerogwa, mchawi hatajishtaki, basi imebaki tumwamini anayesema karogwa. Ukishaukubali mlango huo, umekwisha. Wakili hana kazi tena, na anayelia ndiye anayejua.

Kuna tukio katika tendo la tatu ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko mayowe yote ya wasichana. Wanaume ambao wake zao wamekamatwa wanaleta waraka mahakamani. Umetiwa saini na watu 91, wakulima wenye mashamba yao na waumini wa kanisa, wanaosema kwamba wanawafahamu wanawake hao kwa miaka mingi na hawajaona kwao dalili yoyote ya Shetani. Basi, ni ushahidi wa tabia njema tu, kama ule tunaoutoa kwa sheha wakati kijana wa jirani anapotaka barua. Danforth anafanya nini? Anaamuru wote 91 wakamatwe wahojiwe. Mzee Francis Nurse anabaki mdomo wazi, kwa kuwa ndiye aliyewahakikishia kwamba saini haitawadhuru. Kuanzia hapo, anayemsemea jirani yake mema naye ni mtuhumiwa. Kwa dakika chache tu Miller ametuonyesha mji unavyonyamazishwa bila askari kupita nyumba kwa nyumba.

Sasa tuvuke bahari tuje kwetu, kwa sababu sisi tuna mifano miwili, na tofauti iliyopo kati yake inatufundisha kitu ambacho Salem peke yake haitufundishi.

Mfano wa kwanza ni Popobawa. Wenye umri wa kukumbuka mwaka 1995 hawahitaji kuelezwa. Hofu ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, na Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa si mchezo. Dude lenye bawa la popo, ilisemwa, linaingia usiku, linamkaba mtu kitandani na kumwingilia, awe mwanamke au mwanamume. Watu walihama vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, moto umewashwa, kila mmoja anamlinda mwenzake. Na masimulizi yale yalikuwa na sharti moja la ajabu: aliyepatwa lazima awaeleze wengine. Akificha kwa kuona haya, dude litamrudia. Yaani hofu yenyewe ilikuwa na amri ya kuisambaza. Miaka mingi baadaye tulipoletewa simu zenye ujumbe wa kumalizia na "watumie wenzako kumi", sisi tulikuwa tumeshafunzwa.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Oktoba mwaka huohuo tulikuwa tunaingia katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na matokeo yaliyotangazwa yalimpa Salmin Amour asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad asilimia 49.8. Visiwa vilikuwa vimekatika katikati kama embe. Jirani na jirani hawaazimani chumvi. Wapo waliosema dude lile limeletwa na chama hiki, na wapo waliosema na kile. Na mtu aliuawa. Mgonjwa wa akili, asiyekuwa na wa kumsemea, aliangukiwa na kundi la watu hapa mjini wakamuua kwa kudhani ndiye Popobawa. Kifo hicho tusikipunguze kwa kukiita kituko cha zamani.

Lakini baada ya muda hofu ile ilipoa. Haikuacha orodha. Hakuna jaji aliyeketi akasema, walete wote waliokabwa waniambie sura waliyoiona gizani ilikuwa ya nani. Kulikuwa na woga, kulikuwa na uzushi, kulikuwa na siasa, na kulikuwa na kundi la watu wenye mikono myepesi. Kilichokosekana ni kitu kimoja, nacho nitakiita sikio lenye muhuri: mtu wa serikali anayesikiliza uvumi, anauandika, anautia sahihi, na kuurudisha mtaani ukiwa umegeuka ukweli.

Mfano wa pili unalo sikio hilo. Tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi katika makao makuu ya ASP, Kisiwandui. Ukamataji uliofuata ulikuwa mkubwa. Kesi ya uhaini ilifunguliwa Mei 1973 na hukumu ikatoka Mei 1974. Washtakiwa walikuwa 81, na baadhi yao, akiwemo Abdulrahman Babu, walishtakiwa bila ya kuwepo kwa sababu walikuwa wameshikiliwa Bara. Mwalimu Nyerere hakukubali kuwaleta. Wenye kumbukumbu walijua kwa nini: miaka michache nyuma Abdallah Kassim Hanga na Othman Sharif waliletwa Zanzibar kutoka Bara, na hawakuonekana tena. Washtakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea. Nguzo kubwa ya mashtaka ilikuwa maungamo ya washtakiwa wenyewe, na wapo walioeleza kwamba maungamo hayo yalitoka kwenye mateso. Babu alihukumiwa kifo akiwa hajakanyaga mahakama ile. Aliachiwa mwaka 1978.

Aliyeendesha mashtaka alikuwa Mwanasheria Mkuu, Wolfgang Dourado. Katika miaka ya 80 huyohuyo Dourado, baada ya kusema hadharani maoni yake juu ya muundo wa Muungano, naye aliwekwa kizuizini bila kesi. Miller angeiona hadithi hiyo angesema ameshaiandika nusu yake: Mchungaji Hale, yule mtaalamu aliyeingia Salem na vitabu vizito, ndiye anayekuja kuikimbia mahakama aliyosaidia kuijenga.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Salem hakukuwa na wachawi. Kisiwandui kulikuwa na maiti ya Rais na risasi za kweli. Njama ilikuwepo, na serikali yoyote duniani ingetafuta waliohusika. Nakubali kabisa. Kulinganisha hakuna maana ya kusema kila aliyeshtakiwa alikuwa Rebecca Nurse, yule bibi mtakatifu wa Salem. Kilichofanana ni njia. Kosa la njama, kama lile la uchawi, hukaa kifuani mwa mtu. Halionekani mpaka aliyekuwemo aseme. Na pale njia ya kumfanya aseme ikiwa ni maumivu, utapata majina mengi, ya kweli na ya uongo yamechanganyika, na hutakuwa na namna ya kuyachambua. Hata mwenye hatia ya kweli hunufaika hapo, maana hatia yake imefunikwa na mashaka ya wengine wote. Mpaka leo ukikaa kwenye baraza za Mji Mkongwe utasikia watu wakibishana nani alikuwemo na nani hakuwemo. Kesi iliyochukua mwaka mzima haikumaliza ubishi huo, kwa sababu haikuendeshwa kwa namna inayoweza kuumaliza.

Kwetu fasihi iliwahi kuliingia shimo hilo. Adam Shafi, ambaye naye alitiwa ndani baada ya mauaji yale, alichapisha riwaya ya Haini mwaka 2003, zaidi ya miaka 30 baadaye. Rais anaitwa Kigogo, mfungwa tunayemfuata ni Hamza, na hakuna msomaji wa hapa anayehitaji ufunguo. Ukiiweka Haini kando ya The Crucible unaona tofauti ya waandishi wawili. Miller anataka kilele, anataka mtu mmoja asimame alfajiri aseme hapana. Shafi anatukalisha ndani ya chumba cha gereza na kunguni, njaa na kusubiri, mahali ambapo ushujaa hauna watazamaji. Mimi naona hao wawili wanahitajiana. Miller anatueleza kwa nini mtu anaweza kukataa. Shafi anatueleza kwa nini tusimhukumu aliyeshindwa.

Turudi kwenye suala la imani, maana msomaji wa Unguja hawezi kuisoma tamthilia hii kama mtazamaji wa New York. Yule wa 1953 alikaa kitini akijua moja kwa moja kwamba uchawi hakuna, na kwa hiyo Salem yote ni ujinga wa watu wa zamani. Kwetu wapo wengi watakaomwangalia Tituba na chungu chake msituni wakasema, hee, huyu bibi hakuwa anacheza. Wenzetu wa Bara wanapotania kuhusu Pemba, wanatania wakiwa na hofu kidogo. Je, hilo linaiharibu tamthilia? Naona linaikaza. Ukiwa huamini uchawi, unatoka ukumbini ukisema, wale walikuwa wajinga. Ukiwa unaamini, au huna uhakika, huna njia hiyo ya kutorokea. Inabidi ujiulize jambo gumu zaidi: hata kama wachawi wapo, nani ana haki ya kumwita jirani yake mchawi, kwa ushahidi gani, na akisema uongo atafanywa nini?

Hapo Salem ilikuwa na pengo ambalo mtu aliyepita chuoni, hata kwa miaka miwili, ataliona. Sheria ya Kiislamu inamtaka anayemtuhumu mtu zinaa alete mashahidi wanne, na akishindwa, adhabu ni yake yeye. Ulimi unagharimu. Salem mwongo hakugharimika chochote. Kila akitaja ndipo alipozidi kuheshimiwa. Na sheria tulizoachiwa na wakoloni hazikuliona tatizo hilo vizuri. Chukua Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925. Inasema ni kosa kumtuhumu mtu kuwa mchawi, lakini palepale inaongeza kwamba si kosa ukimtuhumu mbele ya mkuu wa wilaya, polisi, chifu au mtu mwingine mwenye mamlaka. Yaani barazani usiseme, ila ukimnong'oneza mwenye muhuri, ruhusa.

Kenya nimeitaja makusudi, kwa sababu pwani ya Kilifi ndiyo Salem ya zama zetu. Huko wazee, wake kwa waume, wamekuwa wakiuawa kwa kuitwa wachawi, na mvi zenyewe zimegeuka ushahidi hadi wengine wanazipaka rangi. Waliookoka wamepewa hifadhi Kaya Godoma, Ganze. Chunguza tuhuma nyingi za Kilifi, nyuma yake utakuta shamba, na aliyetuhumu mara nyingi si mtu baki, ni mtoto au mpwa anayetaka kurithi kabla ya wakati. Usukumani nako vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho ambayo wameyapata kwa kukaa miaka kwenye moshi wa kuni jikoni.

Miller alilijua hilo la shamba. Thomas Putnam, tajiri wa Salem, anashutumiwa jukwaani kwamba anamtumia binti yake kuwatuhumu watu ili anunue ardhi zao. Giles Corey anakubali kufa chini ya mawe bila ya kujibu mashtaka, ili mashamba yake yaende kwa wanawe. Lakini hapa ndipo nina ugomvi na mwandishi. Putnam anapewa sentensi chache, wakati Abigail anapewa tendo zima. Na ili Abigail abebe mzigo huo, Miller alibadilisha historia. Abigail wa kweli alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, na John Proctor wa kweli alikuwa mzee wa karibu miaka 60. Miller alimfanya msichana awe na miaka 17, mwanamume akawa wa miaka thelathini na kitu, kisha akawatilia mapenzi katikati. Ni haki yake kama msanii. Ila matokeo yake ni kwamba mauaji ya watu 20, yaliyotokana na ardhi, chuki za koo, dini kali na mahakama kiburi, sasa yanaonekana yametokana na msichana aliyeachwa. Hiyo hadithi tunaijua sana. Kila jambo likiharibika, mtafute mwanamke.

Ugomvi wangu wa pili unamhusu Tituba. Yeye ndiye wa kwanza kubanwa, na anapokwisha kazi ya kufungua mlango, tamthilia inamwacha. Tunamkuta tena kwa dakika chache gerezani, akiota kurudishwa Barbados. Kwa msomaji wa mji ambao soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 tu, pengo hilo linauma. Tamthilia yote inahusu thamani ya jina jema, lakini mtumwa ana jina gani la kulinda? Hapa kwetu watumwa wengi walipewa majina na mabwana zao, kama vile mtu anavyompa jina chombo chake cha baharini. Proctor anaweza kukataa kwa sababu ana shamba, ana watoto wanaotambulika kwa jina lake, ana viti kanisani. Ujasiri wake ni wa kweli, lakini una msingi wa kusimamia. Tituba hakupewa hata hadhi ya kuonekana kama amesaliti. Maryse Condé wa Guadeloupe aliliona pengo hili akaandika mwaka 1986 riwaya nzima inayosimuliwa na Tituba mwenyewe. Kusoma Miller bila kumkumbuka Condé ni kusoma nusu.

Na bado, pamoja na lawama zote hizo, kuna mambo mawili katika tamthilia hii ambayo sijaona yakifanywa vizuri zaidi, na yote mawili yanagusa moyo wa Mzanzibari kuliko labda hata Miller alivyotarajia.

La kwanza ni uongo wa Elizabeth. Ili kumvunja Abigail, John Proctor anakiri mbele ya mahakama kwamba alizini naye. Anajifedhehesha mwenyewe hadharani. Danforth anataka uthibitisho, na Proctor anasema, mwiteni mke wangu, hajawahi kusema uongo maisha yake yote. Elizabeth analetwa, anakatazwa kumtazama mumewe, anaulizwa: kwa nini ulimfukuza yule msichana, mumeo alizini? Anababaika, anazunguka, mwisho anasema hapana. Uongo wake wa kwanza, na umemmaliza mumewe. Sasa mpelekee kisa hiki mama yeyote wa hapa. Atakwambia Elizabeth alifanya lile mwanamke mwema anatakiwa afanye. Alimsitiri. Sisi tumelelewa kwamba aibu ya nyumba haitoki mlangoni, kwamba anayemsitiri mwenzake naye atasitiriwa. Ni malezi mazuri, na siyasemi vibaya. Lakini Miller anatuonyesha hali ambayo wema huo hugeuka kamba ya shingoni: pale ambapo wanaosema ukweli wamekuwa wachache mno, hata stara inamfanyia kazi mwongo.

La pili ni mwisho. Danforth hawezi tena kusitisha unyongaji, kwani 12 wameshanyongwa, na akiwasamehe waliobaki atakuwa amekubali kwamba wale walikufa bure. Anachohitaji ni ungamo la mtu anayeheshimiwa. Proctor, kwa kutaka kuishi, anakubali. Anakiri kwa mdomo. Akitakiwa kuwataja wengine anakataa. Anaambiwa atie saini, anatia. Kisha anaambiwa karatasi itabandikwa kwenye mlango wa kanisa, na hapo anagoma. Anaichana, anakwenda kunyongwa. Wanafunzi wengi huuliza: ameshakiri, ameshasaini, tofauti ni nini? Si kiburi tu?

Jibu, nadhani, sisi tunalo katika namna tunavyoitana. Wamarekani wana jina la ukoo ambalo linarithiwa hata kama babu hakumbukwi. Sisi wengi hatuna. Jina langu ndilo jina la pili la mwanangu, na la tatu la mjukuu wangu. Mwanangu akisimama skuli kuitwa, nami nimeitwa. Akienda kuposa, wazee wataulizana: huyu ni wa nani? Karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kanisa Salem ingesomwa na wana watatu wa Proctor kila Jumapili. Neno "haini" lilipoambatanishwa na majina ya watu katika miaka ile ya 70, halikuishia kwa wao. Lilikwenda kwenye daftari la skuli, kwenye maombi ya kazi, kwenye posa. Wako watu wazima leo katika mji huu ambao nusu ya maisha yao imepita wakibeba karatasi ambayo hawakuiandika wala kuisaini. Ndiyo maana Proctor anaweza kusema uongo kwa mdomo lakini si kwa maandishi. Neno la mdomo hupita na upepo. Lililoandikwa na kutiwa muhuri linarithiwa.

Basi uongo unahitaji nini ili uue? Unahitaji woga, na huo haukosekani popote. Unahitaji mtu anayefaidika, na huyo naye hakosekani. Lakini juu ya yote unahitaji sikio lenye muhuri lililo tayari kuupokea bila kuuliza, na kalamu ya kuuandika. Hili linatuhusu sana sisi waandishi wa habari. Gazeti pia ni muhuri. Ninapoandika "inasemekana fulani", nimeshaufanya uvumi wa barazani uwe na tarehe na ukurasa.

Ningependa siku moja kuiona tamthilia hii ikichezwa kwa Kiswahili pale Ngome Kongwe, kwenye ngazi za wazi, usiku, popo wa kweli wakipita juu. Mwongozaji atakayethubutu namwomba jambo moja. Wale 91 wasiwe karatasi mikononi mwa Francis Nurse. Wawekwe miongoni mwetu. Kila anayeingia mlangoni apewe kalamu, aulizwe kama yuko tayari kutia saini kwamba jirani zake ni watu wema. Na likifika tendo la tatu, Danforth atakapoomba orodha, isomwe kwa sauti, jina la mtu, la baba yake na la babu yake.